Uvimbe wa figo kwenye ukoo: nani aanze kupimwa jeni, na je, ripoti ya uvimbe inatosha?

Nesi_wa_Zamu

Wakuu habari. Naomba mwongozo kwa niaba ya familia moja, niwapelekee majibu ya uhakika kabla hawajaanza kutoa damu huku na kule.

Ni ndugu watatu, baba mmoja mama mmoja. Kaka mkubwa ana miaka 41. Mwaka jana alitolewa uvimbe wa sentimita 4.2 kwenye figo ya kushoto, na ripoti ya patholojia ikasema ni saratani ya seli angavu. CT ya ufuatiliaji imeonyesha mwingine wa sentimita 1.6, safari hii figo ya kulia, pamoja na vifuko vitatu vya maji. Amepangiwa upasuaji baada ya wiki tatu. Mama yao alifariki akiwa na miaka 49 kwa kilichoandikwa "uvimbe wa figo", basi. Dada ana miaka 34, alitolewa faibroidi akiwa na 28, na sasa anatafuta ujauzito. Mdogo wao wa kiume ana miaka 27, mzima kabisa, na ndiye anayesukuma kupimwa hata kesho. Kaka mkubwa ana mtoto wa miaka 6.

Kipande cha uvimbe uliotolewa kilipimwa jeni. Ripoti inasema jeni ya VHL ina badiliko, kwenye 48% ya nakala zilizosomwa. Familia imeshaamua moyoni kwamba ugonjwa ni wa kurithi na wote wanao.

Naomba kujua: mdogo mtu aanze kwa kuwa yuko tayari? Ripoti ya uvimbe inatosha au lazima damu? Mtoto apimwe sasa au angoje akue? Na je, mate yanakubalika?

---

MshauriJeni

Mkuu, nianze na ripoti ya uvimbe, maana hiyo ndiyo inayowayumbisha.

Jeni ya VHL iliyoharibika ndani ya uvimbe wa seli angavu ni jambo la kawaida mno. Zaidi ya nusu ya watu wenye saratani hii ya figo isiyo ya kurithi kabisa watakutwa na VHL iliyoharibika, kwa sababu huo ndio mlango ambao uvimbe wa aina hii hupitia. Badiliko huzuka kwenye seli moja ya figo, seli hiyo ikazaana, na badiliko likabaki humo humo. Halimo kwenye damu wala kwenye mbegu, na mtoto hawezi kulirithi. Kwa hiyo ripoti ile inaeleza uvimbe ulivyo. Mtu alizaliwa na nini, haisemi.

Hiyo 48% isiwadanganye. Ni kweli badiliko la kuzaliwa nalo hukaa karibu na nusu ya nakala. Lakini uvimbe wa seli angavu kwa kawaida umepoteza pia kipande cha kromosomu ya 3 mahali VHL inapokaa, na sampuli huwa imechanganyika na seli nzima za figo na za damu. Vitu hivyo viwili vinavuta asilimia juu na chini, hivyo namba hiyo inaweza kutoka kwa njia zote mbili. Shauri hukatwa na damu tu.

Hata hivyo wasiwasi wao una msingi. Hata bila ripoti hiyo, kaka huyu anastahili kipimo cha damu: alipata uvimbe kabla ya miaka 46, umetokea figo zote mbili, na mzazi wake alikuwa na uvimbe wa figo. Kimoja tu kati ya hivyo kinatosha kumpeleka kwa mshauri wa jeni. Kwa jumla saratani za figo zinazotokana na kurithi ni takriban 5% hadi 8%, ila mwenye vigezo vitatu kwa pamoja hayumo tena kwenye hesabu ya watu wote.

Sasa nani aanze. Aanze kaka mkubwa. Mdogo mtu asitoe damu kwanza, hata akilipa mwenyewe. Chukulia amepimwa jeni kumi na mbili na zote zikaja safi. Jibu hilo lina tafsiri mbili. Ya kwanza, kwenye ukoo kuna jeni mbovu na yeye hakuirithi, kwa hiyo amepona kabisa hofu hiyo. Ya pili, ukoo una tatizo ambalo kipimo kile hakikuliona, na yeye anaweza kuwa nalo vilevile. Ukiitazama karatasi huwezi kuzitenganisha. Ataacha kupiga picha, atarudi na uvimbe miaka kumi baadaye. Lakini kaka akikutwa na badiliko fulani herufi kwa herufi, mdogo anapimwa herufi hiyo moja, na "hapana" yake inakuwa hapana ya kweli.

Kuhusu mtoto, ngojeni jibu la baba. Asipimwe kundi zima la jeni kabla, kwa sababu umri wa kumpima unategemea jeni ipi imeonekana. Kwa VHL (ugonjwa wa kurithi wa von Hippel-Lindau, unaotokana na jeni hiyo) watoto hupimwa mapema sana, kwani uchunguzi wa macho huanza kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kwa FH, jeni nyingine inayoleta uvimbe wa figo wa kurithi, hupimwa karibu na miaka 8, maana hapo ndipo picha za figo huanza. Kwa FLCN, nayo ni jeni ya kundi hilo, hakuna haraka, ufuatiliaji huanza karibu na miaka 20 na mtoto anaweza kuachwa aamue mwenyewe akiwa mtu mzima.

Kuna kazi mnayoweza kuanza leo. Chora ukoo, vizazi vitatu, upande wa mama na upande wa baba. Usiulize tu "nani alikuwa na saratani". Uliza mjomba aliyepoteza uwezo wa kuona jicho moja, shangazi aliyefanyiwa upasuaji wa kichwa au mgongo, aliyeziba sikio ghafla, aliyekuwa na presha ya kupanda na kushuka tangu kijana, aliyeanguka kwa pafu kuvuja hewa, aliyekufa ghafla kwenye chumba cha upasuaji au wakati wa kujifungua. Magonjwa haya mara nyingi hutawanyika kwenye ukoo yakiwa na majina tofauti, na kila tawi likadhani la kwake ni bahati mbaya ya peke yake.

---

Maabara_Usiku

Naongezea upande wa sampuli, kwa sababu hapa ndipo wiki mbili hupotea bure.

Kwa kusoma jeni: damu mililita 3 hadi 5 kwenye chupa ya EDTA, ile ya kifuniko cha zambarau. Igeuze taratibu mara nane hadi kumi mara tu ukishachomoa sindano, usiitikise. Ikishaganda hata kidogo, chembe nyeupe zimenaswa kwenye donge na DNA itakayotoka ni haba. Ihifadhiwe kwenye friji ya kawaida ikiwa haitumwi siku hiyo hiyo. Friza hapana. Chupa ya heparini, ile ya kijani, isitumike kwa kazi hii: heparini inazuia kemikali za kuzidisha DNA, na maabara itarudisha sampuli.

Mate yanakubalika kwenye maabara nyingi, takriban mililita 2 kwenye kichupa chao chenye dawa ya kuhifadhia. Mtu asile, asinywe, asivute sigara wala kupiga mswaki kwa nusu saa kabla. Kosa linalojirudia ni povu: mstari wa kipimo unahesabu majimaji, povu halimo. Ukiwa na uchaguzi toa damu, DNA yake ni nyingi na safi zaidi, na itafaa ikibidi kutafuta vipande vilivyokatika.

Na hilo la vipande ulisisitize kwenye fomu. Kusoma herufi za jeni peke yake hakutoshi kwa VHL. Familia kadhaa zina jeni ambayo haikubadilika herufi, imekatwa kipande kizima, na msomaji wa herufi anapita akisoma nakala nzima iliyobaki upande wa pili kana kwamba kila kitu kiko sawa. Ombeni kwa maandishi "pamoja na kutafuta ufutikaji na urudufu", yaani vipande vya jeni vilivyokatika au vilivyojirudia. Maabara nyingi sasa hufanya hivyo ndani ya kipimo kimoja, nyingine hutumia MLPA (kipimo cha kuhesabu nakala za vipande vya jeni) pembeni, nyingine hazifanyi kabisa. Ripoti isipotaja neno hilo, chukulia halikufanyika, kisha uulize.

Orodha ya jeni nayo isiwe VHL peke yake eti kwa kuwa ripoti ya uvimbe imeitaja. Kundi la maana kwa figo lina VHL, FH, FLCN, MET, SDHA, SDHB, SDHC, SDHD, TSC1, TSC2, BAP1 na PTEN. Bei ya kusoma moja na ya kusoma kumi na mbili siku hizi hazitofautiani sana, lakini kurudia kunakula muda, na huyu ndugu ana wiki tatu tu.

Kitu kingine ni damu aliyoongezewa. Kama kaka aliongezewa damu wakati wa upasuaji, ielezwe kwenye fomu na tarehe yake. Mwaka mmoja ni salama, ila kama aliongezewa juzijuzi maabara inaweza kutaka kusubiri. Aliyewahi kupandikizwa uboho habari yake ni tofauti kabisa: damu yake, na hata mate yake, yana DNA ya aliyemchangia. Huyo huchukuliwa kipande kidogo cha ngozi na seli zikaoteshwa.

Kuhusu mama aliyefariki, msikate tamaa. Hospitali aliyofanyiwa upasuaji, kama alifanyiwa, inaweza kuwa bado ina kipande cha nta chenye uvimbe wake. DNA ya kwenye nta huwa imekatika vipandevipande na haifai sana kwa kusoma kundi zima, ila inaweza kutosha kuthibitisha badiliko moja linalojulikana. Na daktari wa patholojia akikiangalia upya kwa darubini anaweza kutaja aina ya uvimbe, ambayo ni habari kubwa kuliko yale maneno mawili ya kwenye cheti.

---

Upasuaji_Figo

Mimi nimesimama kwenye "wiki tatu".

Huo upasuaji usifanyike kabla ya jibu la damu, isipokuwa kuna sababu ambayo hukuiandika. Sentimita 1.6 haikimbii kwa wiki chache. Jibu la jeni, kwa upande mwingine, linaweza kubadili kila kitu kuhusu kisu: kama kitumike, lini, na kichukue nyama kiasi gani.

Ikiwa ni VHL, uvimbe mgumu ulio chini ya sentimita 3 huangaliwa tu kwa picha. Ukifika 3 ndipo unatolewa, na figo inayobaki inalindwa kwa kila hali. Sababu ni kwamba uvimbe wa VHL mara chache sana husambaa ukiwa mdogo, lakini mtu huyo atatoa vingine na vingine maisha yake yote. Kila upasuaji unaacha kovu, na wa pili kwenye figo ileile ni mgumu kuliko wa kwanza. Mwenye VHL aliyekatwa mapema kila mara kinapoonekana kitu cha sentimita 1 anaishia kwenye mashine ya kusafisha damu akiwa bado kijana. Kanuni hiyo ya sentimita 3 hutumika pia kwa FLCN na MET.

Ikiwa ni FH, sahau sentimita 3. Uvimbe wa FH unaweza kusambaa ukiwa bado mdogo. Unatolewa mara unapoonekana, kwa mpaka mpana wa nyama nzima kuuzunguka, na haukwaruzwi pembeni kama tunavyofanya kwa VHL. Picha zake ni MRI kila mwaka yenye vipande vyembamba, kwa sababu ultrasaundi inaupita bila kuuona. Tukimtibu mwenye FH kwa kanuni ya VHL tunampoteza, na mwenye VHL akitibiwa kwa kanuni ya FH anapoteza figo.

Sasa faibroidi za dada. Zinaweza kutia hofu ya FH, kwa sababu jeni hiyo huleta faibroidi pia, lakini tuwe waangalifu: faibroidi ni ugonjwa wa wanawake wengi mno, na kutolewa ukiwa na 28 peke yake hakuthibitishi kitu. Muulize kuhusu ngozi. FH huleta vinundu vigumu vya rangi ya ngozi au wekundu wa kahawia, mara nyingi kwenye mkono, bega au kifua, vikiwa vimekusanyika upande mmoja, na huuma vikiguswa au kukiwa na baridi. Kama anavyo, kimoja kikatwe kipimwe. Vilevile muombe daktari wa patholojia auangalie tena uvimbe wa kaka na kuupaka rangi ya protini ya FH. Seli zikikosa rangi hiyo, haraka inaongezeka. Zikiwa nayo, na umbo lake ni seli angavu kweli, FH inasogea mbali.

---

Nesi_wa_Zamu

Asanteni sana. Nimerudi kwa familia na maswali yenu, na mambo matatu yamejitokeza.

Dada hana kinundu chochote cha ngozi. Mjomba wao, kaka wa mama, alipigwa leza jicho la kulia akiwa na miaka ishirini na kitu kwa ajili ya "mishipa ya damu iliyovimba nyuma ya jicho", baadaye jicho likapoteza kuona. Yuko hai. Na kaka mkubwa, nilipomuuliza kuhusu presha, amesema hupatwa na vipindi vya moyo kwenda mbio, jasho na kichwa kugonga, dakika kumi au kumi na tano, kisha vinaisha. Alidhani ni wasiwasi wa ugonjwa. Presha yake ya kliniki inasomeka 128/82 mara nyingi, ila mara moja ilisomeka 176/104 na ikaandikwa "irudiwe".

---

Upasuaji_Figo

Mkuu, hilo la tatu ni la leo leo. Piga simu kwa timu yake ya upasuaji usisubiri kliniki.

Moyo mbio, jasho na kichwa, vikija pamoja kwa vipindi, kwa mtu ambaye huenda ana VHL, ni feokromositoma mpaka ithibitishwe vinginevyo. Huo ni uvimbe wa tezi ya adrenali, inayokaa juu ya figo, na humwaga adrenalini bila mpangilio. Mtu akiingizwa nusukaputi akiwa nao bila kutayarishwa, presha inaweza kupanda hadi kupasua mshipa wa ubongo au kusimamisha moyo. Kwamba alipita salama mwaka jana hakumkingi safari hii.

Anahitaji kipimo cha metanefrini (mabaki ya adrenalini mwilini), cha damu au cha mkojo wa saa 24. Cha damu kina masharti: alale chali dakika 20 hadi 30 kabla ya kutolewa, na damu itolewe akiwa bado amelala. Akitolewa ameketi baada ya kutembea kutoka mapokezi, namba itapanda kidogo na mtaanza kukimbizana na kivuli. Ataje dawa zote anazotumia. Dawa za zamani za sonona kama amitriptilini hupandisha matokeo, na paracetamol huvuruga baadhi ya mashine, kwa hiyo maabara iulizwe kama aiache. Kahawa na sigara asubuhi hiyo hapana. Yule daktari wa picha naye aitazame upya CT iliyopo, hasa tezi zote mbili za adrenali na kongosho. Mara nyingi kitu kimo humo humo kwenye picha ya zamani, ila swali lilikuwa figo na jicho likaenda kwenye figo.

Ikithibitika, uvimbe huo ndio wa kwanza kushughulikiwa, kabla ya figo. Huandaliwa kwa dawa za kuzuia alfa, zinazolegeza mishipa ya damu, kwa siku 7 hadi 14, pamoja na maji na chumvi ya kutosha. Dawa za kuzuia beta kama propranololi zisitangulie. Ukizuia beta huku alfa iko wazi, mishipa inabana bila kizuizi na presha inapaa. Mtu asimpe hizo kwa nia njema ya kutuliza moyo mbio. Metoklopramidi ya kichefuchefu nayo aikwepe, inaweza kuamsha shambulio. Andika haya kwenye ukurasa wa mbele wa faili lake, kwa kalamu nyekundu kama mnayo.

Na dada anayetafuta ujauzito: kama jibu la kaka likiwa VHL, naye apimwe kabla ya kushika mimba. Akiwa nayo, apimwe metanefrini na apigwe MRI ya ubongo na mgongo kwanza. Feokromositoma isiyojulikana wakati wa uchungu ni hatari kwa mama na mtoto.

---

MshauriJeni

Habari ya mjomba nayo ni nzito. Mishipa iliyovimba kwenye retina kwa kijana, iliyotibiwa kwa leza, inaendana sana na hemanjioblastoma ya retina, yaani uvimbe wa mishipa ya damu nyuma ya jicho. Ombeni faili lake la macho. Kama neno hilo limo, kaka mkubwa anatimiza vigezo vya VHL hata kabla ya jeni: mwenye ndugu wa damu aliyethibitika anahitaji dalili moja tu kubwa, na yeye ana saratani ya seli angavu.

Mjomba sasa ni mtu wa thamani kwa kipimo hiki. Akikutwa na badiliko lilelile la kaka, mmejua limepita upande wa mama, na watoto wake nao wanahitaji kujulishwa. Ila msimpime badala ya kaka, muda wa kaka ni mfupi. Ombeni maabara iweke alama ya haraka, mtaje kwamba upasuaji unasubiri jibu.

Mkipata ripoti, someni vitu vitatu. Kwanza daraja. Kuna madaraja matano: linasababisha ugonjwa, huenda linasababisha, maana haijulikani, huenda halina madhara, halina madhara. Mawili ya kwanza ndiyo ya kufanyia kazi. La katikati, lile la maana isiyojulikana, lisitumike kumpima yeyote asiye mgonjwa kwenye familia, wala lisimtoe yeyote kwenye ufuatiliaji. Familia nyingi hulishika kama hukumu. Likitokea, mpimeni mjomba ili kuona kama linatembea pamoja na ugonjwa, na muulizeni mshauri tena baada ya mwaka au miwili kama daraja limebadilika.

Pili, jina kamili la badiliko, kwa mfano c.499C>T, p.(Arg167Trp), pamoja na namba ya nakala rejea inayoanza na NM. Wala msilinakili kwa mkono, pigeni kopi ya ukurasa. Angalizo kwa wenye karatasi za zamani: VHL ilipogunduliwa mwaka 1993 herufi zilihesabiwa kuanzia mahali pengine, kwa hiyo badiliko hilohilo unaweza kulikuta limeandikwa 712 badala ya 499, na kodoni (kundi la herufi tatu) 238 badala ya 167. Ndugu wawili wenye ripoti za miaka tofauti wanaweza kudhani wana magonjwa mawili.

Tatu, muone kama ufutikaji na urudufu umetafutwa, kama Maabara_Usiku alivyoeleza.

Kisha ndugu wengine. Kila mmoja anapimwa badiliko hilo moja tu, kwa 50% ya kulirithi, mwanamume na mwanamke sawa. Tumeni kopi ya ripoti ya kaka pamoja na sampuli, na ikiwezekana maabara ileile, ili wapate sampuli ya kulinganishia. Asiyerithi hahitaji picha wala kliniki ya VHL, na watoto wake hawahusiki. Ugonjwa hauruki kizazi: ambaye hana hampi mwanawe. Aliyerithi anaanza ufuatiliaji hata kama hajisikii kitu.

Mtoto wa miaka 6, baba akithibitika, apimwe mara moja. Akiwa nalo: macho kila mwaka kwa dawa ya kupanua mboni, presha kila mwaka, metanefrini kila mwaka kuanzia miaka 5, MRI ya ubongo na mgongo pamoja na kipimo cha kusikia kila miaka miwili kuanzia 11, MRI ya tumbo kila miaka miwili kuanzia 15. MRI inapendelewa kuliko CT kwa sababu picha hizi ni za maisha yote, na mionzi hujumlishwa.

Kabla damu haijatolewa, kaeni na mdogo mtu peke yake. Muulizeni atafanya nini akiambiwa ndiyo, na nani atakuwa naye siku ya kusomewa. Kuhusu bima ya maisha, aulize sheria ya nchi anayoishi kabla ya kutia saini, kwa kuwa nchi zinatofautiana na baadhi zinaruhusu kampuni kuuliza. Ana haki pia ya kusema sitaki kujua, akaendelea na picha kana kwamba analo.

---

Nesi_wa_Zamu

Upasuaji umesogezwa, timu imekubali metanefrini kwanza. Damu ya EDTA inatoka kesho. Swali la mwisho: damu ikija safi kabisa, jeni zote kumi na mbili, tunafanya nini? Naona kama tutakuwa tumerudi tulikoanzia.

---

Maabara_Usiku

Hamtakuwa mmerudi hapo. Kwanza ulizeni kama ufutikaji ulitafutwa kweli. Kama ulitafutwa, kipimo kinachofuata ni kuangalia kromosomu zenyewe kwa darubini. Zipo familia chache ambazo kromosomu ya 3 imekatika na kubadilishana kipande na nyingine, zikapata saratani ya seli angavu figo zote mbili, na kusoma herufi hakuoni hilo kamwe kwa sababu kila herufi ipo, ila imekaa mahali pasipo pake. Kipimo hicho kinataka seli hai, na hapa ndipo chupa ya kijani ya heparini inapohitajika na ya zambarau haifai. Isiwekwe kwenye friza, na ifike maabara ndani ya siku mbili. Mkiweza, toeni chupa zote mbili kwa sindano moja kesho, ya kijani ikitangulia ya zambarau, kisha muombe maabara ioteshe seli na kuzihifadhi mpaka jibu la kwanza litoke.

Mkikosa na hapo, kaka anaendelea kutibiwa kama mwenye ugonjwa wa kurithi, na faili la macho la mjomba linaongoza. Dada na mdogo wake wapigwe MRI ya figo na wachunguzwe macho, na waendelee kufuatiliwa. Jibu safi la kaka haliwatoi wao.